Fuwele Isiyo na Shati

Waliokijenga chumba kile hawakumfikiria mtu atakayetaka kutoka kwa haraka. Kilikuwa chini kabisa ya jengo la maabara, hakina dirisha, kuta zake nene, na mlango wake ulizungushiwa mpira ukingoni, ukijifunga unashika kama kifuniko cha chupa. Inspekta aliusikia ukishika nyuma yake, na jasho likamtoka kabla hajaguswa na joto. Hakupenda vyumba vya namna hiyo na hakuona haya kusema hivyo. Alimwagiza Konstebo asimame karibu na kitasa, na asisogee hata akiitwa na mama yake mzazi.

Kituoni Inspekta aliitwa Kupe, kisogoni, kwa kuwa akishaganda mahali hang'oki mpaka ashibe. Alijua, na jina hilo halikumkera. Asubuhi hiyo lakini kupe mwenyewe alikuwa amebanwa. Mkuu wa kituo alitaka kesi ifike kwa hakimu kabla ya adhuhuri, na kwa mawazo ya mkuu kesi ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa hivi. Juzi jioni Profesa, mkuu wa maabara, alikutwa amelala sakafuni mwa chumba hiki, hana jeraha, uso umetulia kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi akisoma gazeti. Daktari wa polisi alisema amekosa hewa. Pembeni yake ulisimama mtungi wa naitrojeni ya majimaji, kitu cha baridi kali kuliko barafu yoyote, koki yake wazi. Majimaji hayo yakitoka hugeuka hewa isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huifukuza ile tunayoivuta. Mtu hakohoi wala hashtuki, analegea tu. Ukutani kuna kipima hewa ambacho kingepaswa kupiga kelele za kuamsha wafu, lakini kilikuwa kimechomolewa, na kwenye soketi yake ilichomekwa chaja ya simu ya rangi ya waridi.

Chaja ilikuwa ya Mkono. Huyo ndiye fundi wa kuopoa fuwele hapo maabara, mwanamke ambaye kiganja chake hakikujua kutetemeka, ndiyo maana wenzake wakambatiza hivyo. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye mpini wa mtungi. Basi ikasemwa kwamba aliuingiza mtungi asubuhi, akaacha koki imelegea, akachomoa kipima hewa ili achaji simu yake, akaenda zake. Kuua kwa uzembe. Akipanda kizimbani leo atashuka kuelekea mahabusu, na kesi za namna hiyo zina mwendo wa konokono. Mkono alikuwa na mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja kitu kingine zaidi ya ziwa la mama yake. Kaka yake Mkono alikuwa amekaa getini tangu mapambazuko, mtoto begani, na kilio cha mtoto huyo Inspekta alikipita akiingia. Kilimfuata hadi kwenye ngazi.

"Karibu kiti, Mama," alisema Naibu.

Naibu wa Profesa alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwepesi wa kusaidia. Mbele ya watu aliitwa Daktari. Nyuma yake aliitwa Bwana Kishimo, kwa sababu ya kishimo alichokigundua kwenye protini ya kimelea kimoja kinachopofusha watu, mahali padogo ambapo dawa ingeweza kuingia ikajibana na kukiua kimelea. Kishimo hicho kilimpa safari, tuzo na picha ukutani. Tangu Inspekta afike alikuwa ameshamtolea kiti, maji na kahawa, na mara mbili ameshamwomba ruhusa ya kuichukua kompyuta ya mashine aipeleke kwa fundi, maana eti inasumbua. Inspekta alikataa maji, akakataa kahawa, na suala la kompyuta akalijibu kwa kukohoa.

"Hebu nieleze tena, Daktari. Siku ile Profesa alikuwa anafanya nini humu?"

"Anagandisha fuwele. Ndiyo kazi yetu ya kila siku. Protini tunaikuza mpaka inakuwa fuwele, kitu kama chembe ya sukari lakini laini. Unaiopoa kwa kitanzi, unaichovya kwenye naitrojeni inaganda, unaipachika kwenye mashine, eksrei inapita ndani yake. Zile nukta zinazotokea ndizo zinazotuambia umbo la protini."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilichungulia mchana nikamsalimia. Alikuwa anachovya sindano kwenye naitrojeni. Akaipachika, nikamwacha na kazi yake. Niliporudi jioni ndipo nikamkuta." Alishusha macho. "Alikuwa kama baba kwangu."

"Na mtungi?"

"Ulikuwa pale pale ulipokutwa. Huyu dada aliuleta asubuhi."

Yote hayo yalikuwa kwenye maelezo yake ya kwanza, neno kwa neno, na Inspekta hakupenda maelezo yasiyosahau hata neno. Alisogea kwenye mashine. Lilikuwa sanduku kubwa la chuma lenye mlango wa kioo kizito kilichochanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi, na ndani yake kulisimama sindano fupi yenye kitanzi kidogo juu, mithili ya tundu la sindano ya cherehani. Kwenye kitanzi kulikuwa na chembe. Aliitazama kwa lenzi yake. Chembe ilikuwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi.

Akainua macho kidogo. Juu ya sindano palikuwa na pua ya chuma iliyotakiwa kupuliza baridi ili fuwele isiyeyuke. Pua ilikuwa imegeuziwa pembeni, na mdomoni imevishwa kofia ya plastiki.

"Hii pua ina kofia," alisema.

"Labda alikuwa hajaanza."

"Umesema alishaipachika sindano."

"Basi labda aliifunika baadaye, Mama. Mtu anayekosa hewa hafikirii sawasawa."

Inspekta alimshukuru. Kuna jambo jingine aliloliona kabla hajaingia, na hilo hakulisema. Kwenye ukuta wa nje, ukumbini, palikuwa na tundu la kupitishia nyaya, limezibwa kwa mpira. Alipoubonyeza mpira ule kwa kidole ulimeguka kama biskuti. Mpira wa mlango, wa umri ule ule, ulikuwa mlaini. Alitaka mtu wa kumweleza mpira huzeekaje upande mmoja tu wa ukuta, na mtu huyo asiwe Naibu.

Akatuma gari likamtoe Mkono rumande. Mkuu wa kituo hakukataa, kwa sababu hakuulizwa. Simu hazishiki kule chini, na Inspekta hakulalamikia jambo hilo.

Mkono aliletwa na pingu, sweta amelifunga kifuani kuficha maziwa yaliyolowesha gauni lake. Kaka yake alikuwa amemwinulia mtoto getini na askari wa gari hakusimama. Macho ya Mkono yalikuwa mekundu, na Inspekta alimwonea huruma, huruma ya kweli ya mtu aliyenyonyesha. Alimwambia akae. Mkono hakukaa. Hakutazama hata pale sakafuni alipolala Profesa. Alitazama ndani ya sanduku la kioo, akakunja uso.

"Nani kaivua shati?"

"Shati gani?"

"Fuwele yangu. Nimeiacha imevaa."

Maneno yakamtoka kwa haraka kama mtu aliyenyimwa kusema siku mbili, na Inspekta akamwacha aseme. Siku ile, alieleza, hawakugandisha kitu. Profesa alitaka kuitazama protini ikiwa na joto la kawaida, joto la mwili wa mtu anayeumwa, kwa kuwa ikigandishwa hukakamaa, na kinachoonekana kwenye barafu si lazima kiwepo kwenye uhai. Lakini fuwele nusu yake ni maji. Ukiitoa kwenye tone lake ukaiacha wazi, hewa inainywa na inapasuka. Kwa hiyo huvishwa mrija mwembamba wa plastiki, angavu, na kwenye ncha ya mrija huachwa tone la yale maji yake yale yale iliyokulia. Humo ndani inapumua unyevu wake yenyewe. Hapo maabara mrija huo waliuita shati. Aliivisha mwenyewe asubuhi, Profesa akaipachika, mashine ikaanza kupiga picha, na yeye akaenda kliniki na mtoto. Mtungi wa naitrojeni ulikuwa ukumbini siku hiyo. Kwenye kazi ya joto hauna shughuli, na ni sheria yao kwamba usipohitajika hauingii ndani.

"Mbona hukusema haya kituoni?"

"Nilisema. Yule aliyeandika aliniuliza fuwele ni kitu gani, nikamweleza, akaandika 'vioo'."

Konstebo aliangalia viatu vyake. Kuhusu chaja, Mkono alikiri kwamba aliwahi kuichomeka pale, zamani, mara moja. Naibu akamgombeza mbele ya wote mpaka akalia, na tangu hapo chaja ilikaa kwenye droo ya ofisi ya mbele, droo isiyo na ufunguo.

Naibu alicheka kwa upole. "Mama, huyu anatunga. Hapa hatujawahi kufanya kazi ya joto. Ningejua. Mimi ndiye naibu."

"Profesa alisema nisimwambie mtu," Mkono alisema. "Hata wewe."

Uso wa Naibu ulibaki na lile tabasamu, ila macho yalikuwa yameliacha. Inspekta aliona, akaliweka hilo akiba. Kwa sasa alikuwa na maneno ya watu wawili, na hakimu hapimi macho. Alimuuliza Mkono kama kuna njia yoyote ya kuthibitisha kwamba fuwele ile ilikuwa na shati.

Mkono alifikiri. Ipo, alisema, lakini anahitaji kuvisha nyingine. Akaenda kwenye kabati la kukuzia, akatoa sahani yenye vishimo vingi, akaiweka chini ya hadubini. Picha ikatokea kwenye skrini ndogo pembeni. Matone karibu yote yalikuwa yamekauka, maana hakuna aliyeyaangalia tangu yeye akamatwe. Lililobaki zima lilikuwa moja, na ndani yake fuwele chache zilizong'aa.

"Feni izimwe," alisema. "Na mlango ufungwe kabisa. Upepo ukiingia tumekwisha."

Konstebo alimtazama bosi wake. Inspekta alitupia kitasa jicho, akakubali kwa kichwa. Feni ikanyamaza, mpira wa mlango ukashika, na wote wanne wakabaki ndani ya kopo lile na joto la mashine. Kipima hewa, kilichorudishwa kwenye soketi yake, kiliwaka taa ya kijani. Inspekta alijikuta anaitazama taa hiyo kila mara, kama abiria anavyomtazama dereva anayesinzia.

Pingu zilifunguliwa. Mkono alisugua viganja, akachukua sindano yenye kitanzi, na hapo wote wakaona kwamba mkono uliompa jina unatetemeka. Siku mbili za sakafu ya saruji na kutolala zilikuwa zimeufikia. Alikita viwiko mezani, akashusha pumzi. Kwenye skrini kitanzi kilizama ndani ya tone, kikasogea chini ya fuwele, kikainuka. Fuwele ikateleza, ikagonga ukingo, ikavunjika.

"Mnaona," alisema Naibu.

Akajaribu ya pili, akaipata. Hii hakuivisha. Aliiacha wazi chini ya hadubini na kuwaambia watazame. Kwanza haikubadilika. Halafu uso wake ukafifia, ufa ukapita katikati, na nyufa nyingine zikafuata, na kabla Konstebo hajamaliza kujifuta jasho ilikuwa pacha wa ile iliyomo sandukuni.

"Profesa aliifundisha dunia kazi hii," Mkono alisema. "Asingeweza kuipachika uchi."

Ilibaki moja nzima. Mkono aliitazama kwa muda mrefu mno, machozi yakaanza kumlenga, akasema hawezi, mkono haumsikii. Huko juu adhuhuri ilikuwa njiani, na gari la mahakamani huondoka likiwa limejaa au halijajaa. Inspekta alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Taratibu, mdogo wangu. Hakimu akichoka kungoja atakaa. Kiti anacho."

Mkono alicheka kidogo, cheko la pua. Kifua kikapanda na kushuka. Naibu akasema kwamba hewa humu nzito, kwamba yeye ana kikao, na akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Mlango ukifunguliwa upepo unaingia," alisema Mkono bila kuinua macho.

"Umesikia, Daktari," alisema Inspekta. "Sote tumo. Rudi ukae."

Konstebo alijaza mlango kwa mabega. Naibu alirudi, akakaa, akaulegeza ukosi wa shati lake. Alikuwa amekaa pale pale ambapo chaki ya polisi ilipitia, na alipogundua alivuta miguu chini ya kiti.

Kitanzi kikazama mara ya mwisho. Kikaenda polepole, kikasubiri fuwele itulie, kikaiinua na maji yake kiasi cha machozi. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari umeshika mrija, umeshafyonza tone ncha ya juu. Ukaushusha juu ya sindano kwa mwendo mmoja, na kidole gumba kikabandika udongo laini shinani kuziba. Kwenye skrini fuwele iling'aa ndani ya shati lake. Mkono akaachia pumzi, na Inspekta akagundua kwamba na yeye alikuwa ameibana yake.

Sasa Mkono aligeukia uthibitisho aliousema. Kwanza akawasha eksrei kwenye ile sindano ya siku ya kifo, kama ilivyo, uchi. Picha ilitoka nyeusi, na michirizi hafifu ya fuwele iliyokufa. Akaitoa, akapachika hii mpya iliyovaa. Picha ilijaa nukta, safu kwa safu, na katikati yake pakawa na duara la ukungu.

"Ule ukungu ni wa shati," alisema. "Eksrei inapita kwenye plastiki nayo, inaacha wingu lake. Isiyovaa haina wingu. Tukifungua picha za siku ile tutajua."

"Kompyuta imejifunga," alisema Naibu. "Neno la siri alikuwa nalo marehemu."

"Na mimi," alisema Mkono, akaliandika.

Picha za Profesa zikatiririka. Nukta na wingu. Nukta na wingu. Mashine ilikuwa imeendelea kupiga peke yake mchana kutwa, pamoja na muda ambao bwana wake alikuwa tayari amelala sakafuni. Hata picha ya mwisho ilikuwa na wingu lake. Ilipigwa alasiri, na baada yake mashine ilizima mionzi kwa sababu moja tu inayoweza kuizima, kwamba mtu amefungua kioo.

Inspekta aliomba aonyeshwe saa ya picha hiyo mara mbili. Kisha akamuuliza Mkono alikuwa wapi saa hiyo. Foleni ya chanjo, alijibu, na muuguzi aliyemchoma mtoto alimgombeza kwa kuchelewa, kwa hiyo hawezi kuwa amemsahau.

"Alasiri," alisema Inspekta, akimgeukia Naibu. "Wewe umeandika kwamba uliingia jioni, hukugusa kitu, ukapiga kelele za msaada. Nani alifungua kioo alasiri?"

"Profesa mwenyewe."

"Akaivua fuwele shati."

"Huenda."

"Shati liko wapi basi? Chumba hiki tumekifagia kwa vibanio. Mifuko ya marehemu tumeigeuza nje ndani. Mrija haumo. Aliyeuvua ametoka nao, na Profesa hakutoka kwa miguu yake. Wenye kadi za kuingia huku chini ni marehemu, huyu dada na wewe."

Inspekta hakuwa na haraka tena.

"Mtungi ulikuwa ukumbini. Ulipitisha bomba kwenye tundu la nyaya, baridi ikaukausha ule mpira mpaka unameguka, na mzee wa watu alikuwa ndani, mgongo umegeukia ukuta, jicho kwenye hadubini. Kipima hewa ulishakichomoa mapema, ukachomeka chaja ya huyu dada uliyoitoa drooni. Ulijua kila mtu ataona mtungi karibu na fuwele asishangae, kwa sababu nyinyi hapa mmegandisha mpaka mmesahau kuna kazi nyingine. Ukaacha mlango wazi hewa irudi, ukausukuma mtungi ndani. Halafu ukatazama mashine ukakuta fuwele imevaa. Mtungi hauna kazi na fuwele iliyovaa. Ndipo ukaivua."

"Huna ushahidi wa..."

"Na ulimwona anachovya kwenye naitrojeni. Umenisimulia mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi, Daktari, na hii yako imeishia kwenye ukuta."

Naibu alitazama mlango. Konstebo hakuwa amesogea. Aliinua macho kwenye ile taa ya kijani, akaanza kupumua kwa kinywa, haraka haraka, ingawa hewa ilikuwa ya kutosha na taa ilisema hivyo. Kisha mabega yakamshuka.

"Alikuwa ananichimba," alisema. "Alichukua sahani za kimelea changu kimya kimya. Akawa ananyamaza nikiingia. Nilijua anarudia kazi yangu ili aniangushe. Kile kishimo... picha zangu hazikuwa wazi sana. Nilikivuta kidogo kwenye mchoro. Kila mtu huvuta kidogo. Angesimama mbele ya watu aseme hakipo, ningekuwa nani mimi?"

"Na dada huyu?"

"Ni uzembe tu. Nilidhani atafungwa kidogo."

Inspekta alikuwa amesikia mengi kazini, lakini hilo la kufungwa kidogo lilimpandisha hasira hadi masikioni. Alimwamuru Konstebo amvishe pingu, zile zile zilizotoka kwa Mkono, na Konstebo akazibana tundu moja zaidi ya ilivyolazimu.

Mkono hakuwa anawaangalia. Wakati wao wakisemezana, alikuwa ameiambia kompyuta izikusanye picha zote za Profesa na kuzikokotoa, kazi ambayo marehemu hakuwahi kuifikia. Umbo lilikuwa limejichora kwenye skrini, mikunjo ya buluu iliyosokotana. Aliigeuza taratibu, akaisogeza karibu.

"Kipo," alisema.

Inspekta aligeuka.

"Kishimo. Kipo. Kwenye joto kiko wazi kuliko ulivyokichora wewe." Alimgeukia Naibu, na katika sauti yake hapakuwa na ushindi, palikuwa na uchovu tu. "Kuna wataalamu wakubwa wa nje walimwandikia Profesa kwamba kishimo chako ni cha barafu tu. Mzee alikataa. Akaniambia tuipime kwa siri, tukikuta hakipo akuite nyumbani kwake akwambie faraghani, usiaibike mbele za watu. Na tukikikuta awajibu mwenyewe kwa jina lake, akutetee. Ndiyo maana alikuwa ananyamaza ukiingia."

Naibu aliinuka kitini. Alisogea kwenye skrini, pingu zikilia, na Mkono akampisha. Aliinama. Mwanga wa buluu ulimwangukia usoni, akakitafuta kile kishimo kwa macho, akakipata.

Inspekta alimwambia Mkono aende, maelezo ataandika kesho akishalala. Konstebo akavuta kitasa, mpira ukaachia, hewa ya ukumbini ikaingia na sauti ya mtoto kwa mbali. Mkono alipanda ngazi mbilimbili, sweta limemdondoka nyuma, hakuliokota. Inspekta alitoka baada yake, akaegemea ukuta wa nje na kuvuta pumzi mpaka kifua kikamuuma.

"Twende," Konstebo alisema ndani.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Naibu alikuwa bado ameinama mbele ya skrini, na ilibidi avutwe.